Mangi wa Dukani na Mfalme wa Kwenye Simu

Mtoto akitumwa sukari robo, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, anaambiwa nenda kwa Mangi. Mangi ni mwenye duka, basi. Anayemtuma hana habari kwamba kule lilikotoka, neno hilo lilikuwa la mtawala: Mangi Rindi wa Old Moshi, Mangi Sina wa Kibosho, Mangi Marealle wa Marangu, watu waliokuwa na askari wao na mipaka yao. Moshi penyewe neno lina heshima yake ukilitamka mbele ya wazee wa Kidia au Machame, ila ukishuka mjini, kuanzia stendi hadi Mnara wa Saa, limekuwa salamu tu: "Mangi, vipi?" Na anayesalimia hivyo, akifungua simu, anasoma habari za Mfalme Charles wa Tatu kwa jina kamili na namba yake.

Cheo kimoja kimeshuka hadi kwenye kaunta ya duka, kingine kimebaki juu. Wanahabari wana mkono mkubwa katika hilo, na kazi hiyo wanaifanya upya kila wiki. Msingi wake ni ruhusa. Picha ya mfalme aliye hai, karibu kila mara, imepatikana kwa sababu kuna ofisi iliyosema ndiyo, na ofisi hiyo ina hesabu zake.

Nyingi ya habari hizi hutoka Uingereza, kwa hiyo tuanzie huko. Mfalme akienda, tuseme, kufungua wodi ya hospitali, waandishi wote hawaenei kwenye korido. Hivyo kuna utaratibu wa zamu, wenyewe wanauita rota: mwandishi mmoja na mpigapicha mmoja wanaingia kwa niaba ya wenzao, na wakitoka wanagawana kila walichopata. Walio kwenye zamu ni vyombo vya Uingereza. Chombo cha Arusha hakimo. Sisi tunapokea kupitia mashirika ya habari kama AP, AFP na Reuters. Kwa hiyo magazeti kumi yanajikuta na picha ileile na maneno yaleyale, na kinachobaki cha kushindania ni kichwa cha habari. Ndiyo maana vichwa vya magazeti ya udaku ya London huwa vikali kuliko habari iliyo chini yake. Harry, mwana wa pili wa Charles, na mkewe Meghan walipotangaza Januari 2020 kwamba wanajiweka kando na majukumu ya kifalme, mojawapo ya mambo waliyoyaeleza wazi ni kutoshiriki tena rota hiyo. Jambo hilo lilimezwa na simulizi za mkwe na wakwe, ingawa ndilo lililogusa mfuko wa magazeti moja kwa moja.

Ipo pia picha ya kugawiwa, ambayo familia inaipiga yenyewe kisha ofisi yao inaisambaza. Huja na masharti: isitoke kabla ya saa fulani, isitumike kwenye tangazo la biashara, isibadilishwe, na ikipita tarehe fulani uombe upya. Anayeiweka kwenye ukurasa wake wa Instagram Moshi haoni masharti hayo, kwa sababu ameichukua kwa mtu aliyeichukua kwa mtu. Anachopata ni sura nzuri bila karatasi iliyoambatana nayo.

Tarehe 10 Machi 2024 mtindo huo ulipasuka hadharani. Ilikuwa Siku ya Mama huko Uingereza. Kate, mke wa William ambaye ndiye mrithi wa kiti, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo Januari na hakuwa ameonekana katika shughuli za hadhara tangu Krismasi. Kasri la Kensington likatoa picha yake akiwa na watoto wake watatu, mpigapicha akitajwa kuwa William mwenyewe. Saa chache baadaye mashirika makubwa yakaanza kuiondoa. Katika lugha ya kazi, agizo hilo ni la kuua picha: kila mteja aliyeipokea anatakiwa kuifuta kwenye mifumo yake na asiitumie tena. Kosa lililoonekana kwa haraka lilikuwa kwenye mkono wa Charlotte, pindo la sweta limekatika pasipo sababu. Zipu ya koti la mama yake nayo haikukaa sawa. Kesho yake Kate akaomba radhi mtandaoni, akieleza kwamba kama wapigapicha wengi wasio wa kulipwa, yeye hujaribujaribu kuhariri. Tarehe 22 Machi akatoa video akisema ana saratani na ameanza matibabu.

Wengi waliona kashfa ya familia. Kwa mtu wa chumba cha habari, uchunguzi wa maana uko kwingine. Mashirika hayo yanaruhusu kuongeza mwanga au kukata kingo za picha, hayaruhusu kuhamisha kitu ndani yake. Sheria hiyo ipo miaka mingi. Ilikuwaje basi picha yenye mkono uliokatika ikapita dawatini? Ilipita kwa sababu imetoka kwenye kasri, na cha kasri hakikaguliwi kama cha mtu wa kawaida. Baadaye mkuu wa habari wa AFP alisema wazi kwamba Kasri la Kensington halihesabiki tena kuwa chanzo cha kuaminika. Kauli hiyo ni nzito kuliko sweta. Ofisi iliyozoea kuaminiwa kwa jina lake iliwekwa kwenye foleni pamoja na wengine.

Chombo kidogo cha hapa kinaweza kukagua picha kama hiyo bila programu ya gharama. Soma kwanza jina chini ya picha: likiwa la mpigapicha wa shirika, alikuwepo, likiwa la ofisi ya kifalme, umepewa. Kisha itafute picha kinyumenyume mtandaoni uone ilionekana lini mara ya kwanza, maana nyingi zinazosambaa WhatsApp kama za "leo asubuhi" zina miaka mitatu. Halafu ikuze, uangalie sehemu ambapo vitu viwili vinakutana: vidole na nguo, nywele na ukuta, mistari ya vigae. Uhariri huacha alama hapo. Usihangaike na uso, uso ndio uliofanyiwa kazi kwa makini zaidi. Na kama picha ni ya WhatsApp, jua kwamba imebanwa hadi ushahidi umefutika. Tafuta nakala ya asili au iache.

Ruhusa ikikosekana, kuna walioiba. Mhariri wa habari za kifalme wa News of the World, Clive Goodman, alifungwa Januari 2007 kwa kudukua ujumbe wa sauti wa wasaidizi wa kasri. Gazeti lenyewe lilifungwa Julai 2011. Desemba 2023 mahakama ya London ilimpa Harry pauni 140,600 dhidi ya kundi la magazeti ya Mirror, baada ya kukubali kwamba habari 15 kati ya 33 zilizochunguzwa zilipatikana kwa njia haramu. Hata mahojiano maarufu ya Diana na BBC ya Novemba 1995 yalipatikana kwa hila: uchunguzi uliotolewa Mei 2021 ulithibitisha kwamba Martin Bashir alitumia nyaraka za benki za kughushi kumfikia. Hayo yote yameshaandikwa vya kutosha. Linalotuhusu zaidi sisi ni kinachotokea habari ikishavuka bahari na kugeuzwa Kiswahili.

Hapo ndipo penye madudu. Chukua neno la Kiingereza princess. Kamusi inasema binti mfalme. Mhariri mwenye haraka anaandika "Binti Mfalme Kate", na msomaji wa Himo anayefuata maneno kama yalivyo anaelewa kwamba William ameoa dada yake. Kate si binti wa mfalme yeyote; amepata cheo kwa ndoa. Andika "mke wa mrithi wa kiti" na mambo yamenyooka. Malkia nalo lina mtego wake: Elizabeth alikuwa malkia mtawala, Camilla ni malkia kwa kuwa mumewe ni mfalme, na Kiswahili kinatumia neno moja kwa wote wawili. Bila kufafanua, utapata swali tulilozoea kulisikia kwenye kijiwe chochote: mbona mume wa Elizabeth hakuitwa mfalme? Hakuitwa kwa sababu huko mke hupanda kwa cheo cha mumewe, lakini mume hapandi kwa cha mkewe.

Kosa baya zaidi ni la hotuba. Mfalme wa Uingereza akifungua bunge husoma hotuba iliyoandikwa na serikali, neno kwa neno. Kichwa kikisema "Mfalme Charles aahidi nyumba mpya", kimemvisha mfalme mamlaka asiyokuwa nayo. Ahadi ni ya waziri mkuu. Kosa dogo la uandishi limezaa nguvu ya uongo, na huo ndio ushawishi wa kifalme unaotengenezwa bure.

Kuna pia "Kasri limesema". Kasri lipi? Buckingham ni ofisi ya mfalme, Kensington ni ya William, na watu wa ofisi hizo mbili si lazima wapatane. Ukiona "chanzo cha karibu na familia", jiulize kwanza kauli hiyo inamsafisha nani. Mara nyingi anayesafishwa ndiye aliyepiga simu. Hili halihitaji kusomea uandishi wa habari. Yeyote aliyewahi kufuatilia mgogoro wa mirathi ya kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, anajua kwamba uvumi una mwenyewe.

Siku mbili za mwaka 2023 zinafaa kuwekwa pamoja, maana Kiswahili chenyewe kilipewa mtihani. Tarehe 31 Oktoba, Nairobi, Charles alizungumzia ukatili uliofanywa wakati wa vita vya Mau Mau. Alisema ana huzuni kubwa na majuto makubwa, na kwamba hakuna kisingizio cha matendo yale. Hakuomba radhi. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kwenye kumbukumbu ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu. Kujuta na kuomba radhi ni vitu viwili, hata mtoto aliyevunja glasi anajua. Kwa mfalme wa Uingereza neno la pili haliko mikononi mwake: anasema yale ambayo serikali imekubali, na kuomba radhi rasmi kunaweza kufungua mlango wa madai. Mwaka 2013 Uingereza iliwalipa wahanga 5,228 wa Mau Mau pauni milioni 19.9, na hata wakati huo waziri wake alisema serikali inajuta. Anayeandika "Charles aomba radhi" ili kichwa kiwe kifupi amemaliza mjadala ambao wazee wa Kenya bado wanaudai.

Sasa ushawishi wenyewe. Kamera hufuata gauni, kofia, na nani hakumtazama nani. Nguvu iko kwenye karatasi, na karatasi hazipigwi picha. Charles akiwa bado mrithi alikuwa akiwaandikia mawaziri barua juu ya kilimo, majengo, dawa za asili, hata vifaa vya jeshi. Gazeti la Guardian lilidai barua hizo zitolewe, likahangaika na serikali miaka 10 hadi mahakama ya juu ikaamua, na Mei 2015 zikatoka 27 za mwaka 2004 na 2005. Usifurahi mapema: wakati kesi ikiendelea sheria ya haki ya kupata taarifa ilishabadilishwa, mawasiliano ya mfalme na mrithi wake yakafungwa kabisa. Mlango ulifunguka kwa barua za zamani tu.

Kuna jingine linaloitwa ridhaa ya mfalme. Muswada ukigusa mali au mamlaka ya familia hiyo, huonyeshwa kwao kabla bunge halijaumaliza. Februari 2021 gazeti hilohilo lilionyesha kwamba zaidi ya sheria 1,000 zilipita kwa njia hiyo katika utawala wa Elizabeth. Fedha nazo zina fomula yake. Ruzuku ya kifalme huhesabiwa kama asilimia ya faida ya mali za Taji, yaani ardhi na sakafu ya bahari zinazoshikiliwa kwa jina la ufalme, awali 15, kisha 25, na tangu 2024 ni 12. Asilimia imepungua lakini faida imepanda kwa sababu ya mashamba ya upepo baharini, hivyo ruzuku imetoka pauni milioni 86.3 hadi milioni 132.1 kwa mwaka 2025/26. Gazeti likiandika "mfalme apunguziwa" limeshika asilimia, likiandika "mfalme aongezewa" limeshika pauni. Yote mawili yameandikwa, na yote mawili yana namba sahihi.

Mazishi ya Elizabeth, tarehe 19 Septemba 2022, yaliingia kila simu ya Afrika Mashariki kwa picha moja: marais wetu, Rais Samia akiwemo, ndani ya basi. Watu walicheka, wengine walikasirika. Mabasi yalipangwa kwa sababu ya barabara na usalama, wafalme wa Ulaya nao walipakiwa, na Joe Biden aliruhusiwa gari lake. Habari ya maana ilikuwa hiyo ruhusa ya Biden. Picha ya basi ikaifunika.

Nchi nyingine zina mapatano ya aina nyingine. Uholanzi, familia hutoa vipindi maalumu vya picha, nao wapigapicha wanaacha kuwafuata watoto wakiwa likizoni. Thailand hakuna mapatano, kuna kifungu cha 112: miaka 3 hadi 15 jela kwa kila kosa la kumkashifu mfalme. Morocco, Agosti 2009, serikali iliteketeza nakala za majarida ya TelQuel na Nichane kwa kuchapisha kura ya maoni kuhusu mfalme. Kura hiyo ilionyesha asilimia 91 wameridhika naye! Kosa lilikuwa kuuliza. Hispania nako kulikuwa na ukimya wa miaka mingi uliomlinda Juan Carlos, hadi alipovunjika nyonga Aprili 2012 akiwinda tembo Botswana huku wananchi wake wakiwa hawana kazi. Alilazimika kuomba radhi mbele ya kamera. Miaka miwili baadaye aliachia kiti.

Ukija Afrika, lenzi hubadilika. Kabaka wa Buganda, ambaye ufalme wake ulirejeshwa mwaka 1993, huandikwa "kiongozi wa kimila". Mtawala wa Luxembourg, nchi ambayo watu wake hawafikii hata milioni moja, ni wa familia ya kifalme bila mjadala. Kimila au kifalme? Hakuna kipimo kinachoweza kuwapa hao wawili majina tofauti isipokuwa mazoea ya waliowahi kuandika "chifu" ili mkoloni abaki na mfalme mmoja tu. Na Buganda si mila ya makumbusho. Ufalme una redio yake, CBS. Septemba 2009 serikali ya Uganda ilipomzuia Kabaka kuzuru Kayunga, vurugu zilizuka Kampala na redio hiyo ikazimwa. Haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Serikali haizimi zaidi ya mwaka mzima redio ya mtu asiye na nguvu. Eswatini kuna kinyume chake: dunia inaonyeshwa ngoma ya matete na wasichana elfu kwa elfu, wakati vyama vya siasa vimepigwa marufuku tangu amri ya mwaka 1973 na mfalme bado ndiye anayemteua waziri mkuu. Picha ya ngoma hupatikana kwa urahisi. Ruhusa yake hutolewa haraka sana.

Moshi ilishawahi kuwa na gazeti la utawala wake, kama Buganda na redio yake. Kati ya 1953 na 1961 Baraza la Wachagga lilichapisha Komkya, zama za Mangi Mkuu Thomas Marealle. Mangi Mkuu huyo alipatikana kwa kura, jambo ambalo makasri ya Ulaya yangelishangaa, na utawala wake ulikuwa na bendera na siku yake ya sherehe. Lakini gazeti halikubaki la sifa tupu. Wasomaji waliandika barua, wakabishana kuhusu uraia, kodi na nini maana ya kuwa Mchagga. Mwaka 1960 kura nyingine ikaondoa cheo cha Mangi Mkuu, na 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Marealle alikuwa na gazeti, bendera na sherehe, na bado alishindwa kwenye sanduku. Wanaodhani sura nzuri magazetini inatosha kumweka mtu kitini wakasome nakala za Komkya.

Siku hizi machifu wamerudi kwenye picha. Septemba 2021, Kisesa mkoani Mwanza, Rais Samia alisimikwa kuwa Chifu Hangaya, na tangu hapo mikutano mingi ina safu ya wazee waliovaa ngozi na kushika usinga. Tazama maelezo ya picha hizo: "baadhi ya machifu waliohudhuria". Hawana majina, hawatajwi walikotoka, wala hakuna aliyewauliza walichosema. Mhariri asiyediriki kuandika "baadhi ya wafalme wa Ulaya" anaona ni sawa kwa hao. Dawa yake ni ya dakika tano: daftari, jina kamili, eneo, cheo kwa lugha yao wenyewe. Mangi aandikwe Mangi, Mtemi aandikwe Mtemi. Chifu ni neno la barua za wakoloni.

Kwa Mangi Meli, mwana wa Rindi, ruhusa haikuombwa kabisa. Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake kinasemekana kupelekwa Ujerumani. Fuvu la Mkwawa lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles na likarudishwa mwaka 1954. La Meli halikutajwa popote. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa na familia zilizo hai hapa Kilimanjaro, mojawapo likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli halikuwemo. Tsudu, huko Old Moshi, kuna sanamu ya Meli karibu na mti anaosemekana kunyongewa, na kutoka mjini ni mwendo mfupi wa kupanda mlima. Mpigapicha yeyote anaweza kufika.